Herufi Iliyogoma Kufutika

Kabula,

Salamu za kuandika sikupi, maana za mdomo tumeshapeana. Asubuhi uliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, ukapita na ndoo yako kwenda bombani. Jioni hii tena shikamoo, marahaba, ukaingia ndani kufunga begi. Hayo ndiyo maongezi yetu tangu Jumamosi, mimi na mwanangu wa kumzaa. Hata na wale majirani ambao mbuzi wao walimaliza mchicha wetu tunaongea vizuri kuliko hivi.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Pangani kufundisha Kiswahili, na sitaki upande basi hilo tukiwa namna hii. Ningekuja chumbani kwako tukaongea, lakini najijua. Nikifungua mdomo nitaanza na gari, kutoka kwenye gari nitahamia kwenye sufuria uliyoiacha na ukoko, na kabla hujajibu nitakuwa nimeshafoka. Kwa hiyo nimekaa barazani na kalamu ya baba yako, hii inayokata wino kila mstari wa pili, mikono inanuka dawa ya kung'arishia gari, nakuandikia. Usiisome hapa nyumbani. Isome ukiwa njiani, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kuniuliza nilikuwa na maana gani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala wanaume. Mambo hayo nimeyasema mpaka unaweza kuyasema kwa sauti yangu, na nimekusikia ukifanya hivyo jikoni ukidhani sipo. Nataka nikueleze habari za mlango wa nyuma wa gari. Umeniona nikiusugua wiki nzima, na najua ulichokuwa unafikiri. Ulifikiri, mama analipenda hilo gari kuliko mimi. Baba yako alifikiri hivyo hivyo, na yeye alinambia usoni.

Tuanze na Jumamosi yenyewe. Ijumaa nilikuwa nimetoka Mwakitolyo kuwapelekea mama ntilie wa machimboni mchele na maharage, na gari lilirudi halijulikani rangi. Vumbi la kule unalijua. Vumbi la shambani ni udongo, ukipiga maji linaondoka. Lile la machimboni ni mawe yaliyosagwa, linakaa juu ya bati kama limetumwa. Nilikuwa nimechoka, nikaliacha gari bila kuliosha. Jumamosi asubuhi nikapakia magunia matupu, nikaenda sokoni, sikuzunguka nyuma hata mara moja.

Pale sokoni ndipo nilipowasikia wabeba mizigo wakicheka. Mmoja akaniita, na hapa nawaandika watu wanavyosema, wewe mwalimu utasahihisha. "Mama Kabula, utaludi saa ngapi?" Mwingine akadakia, "Ukiludi, tuletee na sisi kidogo!" Nikashuka. Nikazunguka nyuma. Mlango mzima, kwenye vumbi, kwa kidole, herufi kubwa kubwa: NITALUDI. Na ile L umeifanya ndefu kuliko zote, umeirudia mara kadhaa, ili hata kipofu aione.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wale wanaume waliokuwa wanacheka hawana r hata moja kati yao. Wote tumenyonya Kisukuma, wote tunasema langi, gali, balua. Lakini siku hiyo mwenye l nilikuwa mimi peke yangu, kwa sababu yangu ilikuwa imeandikwa.

Mwandiko wako naujua. Na ulikuwa umenianza zamani. Ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni ulinipigia simu unalia, umesimama mbele ya wenzako ukasema "helufi", darasa zima likaangua kicheko, na mtu akauliza mwalimu wa Kiswahili gani huyu asiyejua herufi. Nililia na wewe siku ile. Nilikata simu nikakaa juu ya gunia la maharage nikalia, nikawaza kwamba ulimi huo umeutoa kwangu, sikuwa na mwingine wa kukupa. Kumbe ukaenda kwenye kioo. Reli, rarua, rudi, reli, rarua, rudi. Likizo iliyofuata ulikuja na r mpya kama viatu vya sikukuu, na ukaanza kutembea nazo juu yangu.

"Mama, ni rangi." "Mama, ni barua." Mwanzoni nilicheka. Halafu ukaanza mbele ya wateja. Siku moja namwambia mteja kwamba mchele huu ni wa Kahama, haujachanganywa, ila mimi ninapojitahidi sana ninazidisha, nikasema "mchere". Wewe ukasema pale pale, taratibu, kama unamfuta mtoto kamasi, "mchele, mama." Mteja akaangalia pembeni. Hukuona. Mimi niliona, na sikukwambia kitu, na hilo ni kosa langu la kwanza katika haya yote. Kila uliponisahihisha nilimeza. Kwenye karatasi mimi sikosei, shuleni nilikuwa wa kwanza kwa imla, r zangu zote zilikaa mahali pake. Ni ulimi tu uliokataa. Ningekwambia hilo siku ya kwanza tungecheka likaisha. Nikakaa nalo, likawa linanijaa.

Kwa hiyo nilipoona NITALUDI pale sokoni sikuuliza maana. Nilivua kanga ya mabegani nikaufuta ule mlango mkavu mkavu, kwa nguvu zote, mbele ya watu, nikisugua jina la shule yako, cheti chako, kioo chako na reli yako. Herufi zikaondoka. Nikapanda gari nikarudi nyumbani bila mchele.

Kilichofuata ulikuwepo. Shangazi yako alikuwa amekuja na wale kina mama wa jumuiya kukuaga, mmekaa hapa hapa barazani na sahani za karanga. Sikuwasalimia. Nilisema, na nayaandika nilivyoyasema ili usidhani nimesahau: "Kama ulimi wa nyumbani unakutia aibu, nenda kwa wenye l zao, na usiludi!"

Hata nilipotaka kuitaja r yenyewe, ilitoka l. Shangazi yako alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Wewe ulisimama. Ulianza, "Mama, mimi nili..." nikasema nyamaza. Baba yako akafungua mdomo, nikamwambia na wewe nyamaza. Wote mkaninyamazia, na tangu hapo nyumba hii imekaa kimya nilichokiagiza mwenyewe.

Jioni ile niliosha gari ili nipate kitu cha kufanya. Nikamwaga maji, nikapiga sabuni, nikamwaga tena. Lilipokauka, NITALUDI ilikuwa pale pale. Si kwenye vumbi tena, ni kwenye rangi. Bluu yote imeng'aa na katikati yake neno jeupe jembamba, na kulizunguka miduara ya kanga yangu, mikwaruzo midogo midogo isiyo na hesabu. Nilidhani macho yangu yana tatizo. Nikapitisha mkono. Lile vumbi la mawe, Kabula, kidole chako kililisukuma likachora, halafu mimi nikaja na kanga nikalikandamiza likachonga. Hakuna aliyenambia kwamba gari lenye vumbi la machimboni halifutwi kavu. Sasa najua, na wewe unajua. Limwagie maji kwanza, mengi, yatiririke, ndipo ulete kitambaa.

Ukisoma hapo utadhani nazungumzia kitu kingine. Sizungumzii kitu kingine, nazungumzia gari.

Fundi rangi niliyempelekea aliangalia akasema mlango mzima upulizwe upya, na atakaa nalo siku ambazo hakutaka kuzitaja. Nikamwambia asante, nitafanya mwenyewe nyumbani. Nilifungua simu. Kuna mtu kwenye video anasugua mkwaruzo kwa dawa ya meno, unapotea huku anatabasamu, sakafu yake safi mtu angeweza kulalia. Nikachukua dawa ya meno ya nyumba nzima. Ndiyo maana Jumatatu mlipiga mswaki kwa chumvi. Mlango ulinukia vizuri sana, na neno likabaki pale likisomeka kama mwanzo.

Jumanne nilikuwa Mwakitolyo tena. Unamkumbuka Masanja, yule mteja wangu mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu? Nilisimama pale kwake nikisubiri, nikashika ule unga unaotoka kabla haujaenda kuoshwa. Ulikuwa laini vidoleni kuliko sembe. Nikawaza, kama dawa ya meno imeshindwa kwa sababu ni laini, na msasa utaharibu kwa sababu una meno, basi hiki hapa ndicho cha katikati. Nilijiona nina akili. Nikajaza kikopo, Masanja akauliza, "Unaenda kutafuta dhahabu nyumbani, mama?" nikamjibu kwa mkato.

Baba yako alinikuta nimechovya kitambaa.

"Hicho nini?"

"Unga."

"Unga wa nini?"

"Wa kalasha."

"Si mawe hayo?"

"Yamesagwa."

Akaangalia mlango, akaniangalia mimi. "Hayo hayo yaliyochola, sasa unayaleta mengine yafute?"

Nikamwambia kama hana kazi akachunge ng'ombe. Nikasugua. Nilisugua kwa bidii zote, na nilipomwaga maji palikuwa na wingu la ukubwa wa sinia. Mng'ao umekufa kabisa, rangi imekuwa kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho, na ndani ya hilo wingu, NITALUDI. Nilirusha kikopo hadi kwenye banda la kuku. Na huyo baba yako alikwenda kukiokota tu, na kwa kweli hilo liliniudhi kuliko kama angesema.

Sijui kama umewahi kukasirika namna hiyo, ambapo kila unalofanya kurekebisha linaongeza. Nadhani utakutana nayo. Mimi nimekutana nayo mara nyingi, na kila mara kosa langu ni lile lile, siwezi kuacha kusugua. Nilipogombana na mama yangu kuhusu kuolewa na baba yako nilirudi kwake kueleza, nikaeleza tena, nikaeleza zaidi, mpaka jambo dogo likawa kubwa na yeye akaniambia nimpumzishe. Kuna wakati ilitakiwa ninyamaze nikae naye tu, nimmenyee viazi. Sikujua kufanya hivyo. Mpaka leo sijui vizuri.

Ile chupa yako ya rangi ya kucha ya bluu uliyokuwa unaitafuta Jumatano, niliichukua mimi. Nilijaribu kwenye bampa, mahali pasipoonekana. Ilitoka zambarau. Nimekurudishia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, imebaki nusu, nisamehe.

Alhamisi nikaenda duka la rangi. Yule mama muuzaji akaniuliza, "Namba ya rangi ya gari lako?" Nikamtajia namba ya gari, T na tarakimu zote na herufi za mwisho. Akacheka mpaka akaegemea meza. Kumbe kila gari lina kibati kidogo karibu na mlango wa dereva, kimeandikwa alama ya rangi yake yenyewe, kwa sababu bluu si moja. Miaka yote nimefungua mlango ule sikukiona. Akanichanganyia kichupa kidogo chenye brashi kwenye kifuniko, akanipa na msasa wa maji, ule laini kabisa, na kopo la dawa ya kung'arishia. Alikuwa ameshaanza kuhudumia mwingine wakati ananieleza, nikamlazimisha arudie, akarudia akiwa amenuna. Nikanuna na mimi. Lakini alichosema ni hiki. Osha. Kausha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kukatiza. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko juu, utaondoka kwa kusugua. Ukucha ukikwama, usihangaike kusugua, umeshafika ndani, huo ni wa kujaza kwa rangi.

Nikarudi nikapitisha ukucha. N, unateleza. I, unateleza. T, A, unateleza. L, ukakwama. Nikarudia, ukakwama. U, D, I, unateleza. Ile L uliyoirudia rudia kwa kidole ilikuwa imeingia mpaka kwenye ile rangi ya chini ya kijivu. Nikasema sawa, tuanze na hizo nyingine.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kwenda, na nakiri niliifurahia. Unaloweka msasa kwenye maji ya sabuni muda mrefu, unausugua kwa vidole viwili, taratibu, maji yanatiririka muda wote, mpaka pale pamekuwa hafifu pote sawasawa. Ukiona ukungu usiogope, ndiyo inavyotakiwa. Halafu unachukua fulana kuukuu, nilichukua ile yako ya kidato cha pili, unatia dawa kidogo, unazungusha. Hukandamizi. Hilo lilinichukua muda kulishika, maana mimi nimezoea kukandamiza. Unazungusha tu, na baada ya muda bluu inarudi yenyewe kutoka chini. Wingu la karasha likaondoka. Miduara ya kanga ikaondoka. Leo asubuhi ikaondoka N. Ikaondoka I. Kila herufi ilipopotea nilijisikia nimekushinda, na naandika hivi kwa sababu ni kweli. Wewe ulikuwa unapita na nguo zako za kuanua, ukaona, ukageuza macho.

Mchana nilikuwa nimemaliza. Mlango umerudi kama ulivyotoka kiwandani, isipokuwa L moja katikati. Nilikuwa nimeshafungua kile kichupa, brashi ina rangi, baba yako akaja na kiti chake akakaa nyuma yangu.

"Mhola?"

Salamu ya Kisukuma, kama vile hatujaonana leo; nikaipita, nikachovya brashi tena.

"Umefuta?"

"Nimefuta. Hii L imegoma, naijaza."

Akasogeza kiti mbele. Halafu akasema, "Hivi wewe ulijua mtoto aliandika nini?"

"Si alikuwa ananicheka."

"Hilo neno si lako?"

Nikamwambia ndiyo, langu, ndiyo maana alinicheka nalo.

"Sikiliza," akasema. "Ulivyokuwa unaenda machimboni kuuza uji, kabla ya gali, unapanda loli la mizigo. Huyu ameshika kanga yako pale mlangoni, halii, ameshika tu. Wewe unamwambia nini?"

Nikageuka nikamtazama.

"Unamwambia 'nitaludi'. Ndiyo anaachia. Ukishaondoka anabaki na neno hilo siku nzima. Anawaambia kuku nitaludi. Anaambia sufulia nitaludi. Alijua kulisema hilo kabla hajajua kuniita mimi baba. Sasa anaondoka yeye. Ulitaka aandike nini?"

Kabula, brashi ilikauka mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakunambia Jumamosi. Akasema, "Uliniambia ninyamaze."

Nikimwambia mtu hapo nililia atadhani mimi mama wa kwenye filamu. Sikulia kwanza. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba yako kwa kunyamaza, kana kwamba si mimi niliyemnyamazisha. Nilimkasirikia yule mama wa duka kwa kuniuzia dawa nzuri. Dawa ya meno ilikuwa imeshindwa, unga wa karasha ulikuwa umeshindwa, kwa nini hii nayo isishindwe? Nilikukasirikia na wewe. Kwa nini hukupiga kelele? Mimi nafoka miaka yote, hukujifunza hata kidogo? Ungesema kwa nguvu, mbele ya shangazi yako na karanga zake, "Mama, ni neno lako la mlangoni!" ningekusikia. Najua nisingekusikia. Lakini ungesema.

Halafu nikachukua kitambaa nikatazama kama naweza kuzirudisha zile nyingine. Nimekwambia huwa siwezi kuacha kusugua. Haiwezekani. Kilichoondolewa na msasa kimeondoka, na ile ngozi ya juu ya rangi ni nyembamba, huwezi kwenda na kurudi juu yake kila unapobadili mawazo. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni, ndipo nikalia.

Na sasa nikwambie kitu ambacho baba yako hakijui. Neno lile nililisema ili uachie kanga. Lori lilikuwa linapiga honi, na mimi sikuwa najua narudi lini. Nikisema kesho haikuwa kesho. Kuna safari nilikaa kule mpaka mvua zikaisha, na niliporudi ulinitazama kama mgeni ukaenda kujificha kwa baba yako. Nilidhani umenisahau. Nilidhani miaka ile wewe huikumbuki, na nilifurahi kwamba huikumbuki, kwa sababu nilijiona mama niliyekuwa nasema neno nisilokuwa na uhakika nalo. Kumbe uliliamini. Ulilibeba mpaka ukubwani, na l yake, hukuirekebisha. Umerekebisha maneno yangu yote, mchele, rangi, barua, hilo ukaliacha kama lilivyo. Mimi nikaliona ni dhihaka, na nikalifuta kwa mikono yangu, nikiona raha.

Huko Pangani utakuta wanaongea Kiswahili kama wanaimba. Watakusikia r zako na watajua umezitengeneza, mtu akitengeneza kitu kinajulikana. Usiwajali. Na siku moja, ukiwa umechoka au umekasirika au unampenda mtu, itakutoka l mbele ya darasa. Wakicheka, cheka. Usiende kwenye kioo tena. Ulishakwenda inatosha.

Kile kichupa cha rangi nilikifunga bila kukitumia. Jioni hii nilipeleka gari kujaza mafuta ya safari ya kesho ya kwenda stendi, na wale vijana wa bodaboda pale kona wakaona L nyuma, wakapiga kelele, "Mama Kabula, umeanza kujifunza gali uzeeni?" Maana unajua gari la mwanafunzi wa udereva hubandikwa L nyuma. Juzi ningeshuka. Leo nimeteremsha kioo nikawaambia ndiyo, najifunza, wakae mbali barabarani. Walicheka, na mimi nikacheka, kidogo.

Kichupa kimo kwenye begi lako. Nimekiingiza ndani ya soksi ile ya sufu, nikakizungushia na mfuko wa nailoni kisije kikamwagikia blauzi zako za kazini. Usikishangae. Mimi hiyo L sitaigusa, na hakuna fundi atakayeigusa. Ukija likizo tutaiosha vizuri, tutapitisha ukucha, na wewe ndiye utasema tuijaze au tuiache. Yule mama wa duka amesema rangi hiyo haikai sana, ikifika mwaka inaganda. Kwa hiyo usichelewe.

Neno la kukufukuza nililokwambia Jumamosi mbele ya watu lilikuwa moja tu, na limekaa humu ndani wiki nzima, nimelisugua kila namna. Naona halifutiki kwa kusugua. Basi naliandika upya hapa chini, mimi niliyekuwa wa kwanza kwa imla, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Uludi.

Mama yako